Kalamu ya iPad haipatikani mjini: nilipe laki saba na nusu au nisubiri?

Msomaji wa Arusha, mchoraji wa vielelezo vya vitabu vya watoto, ameniandikia hivi:

"Habari kaka. Nimenunua iPad Pro mpya ili niachane na mambo ya karatasi na skana. Tableti ninayo, ila kalamu yake, Apple Pencil Pro, sijaipata mpaka leo. Duka nililonunulia wananiambia mzigo uko njiani, na wimbo ni huohuo tangu siku niliyolipa. Kariakoo yupo kijana mwenye moja, anataka laki saba na nusu, tena hataki tubishane. Mwingine amenishauri nichukue kalamu ya zamani, eti ni ileile, jina tu ndilo limebadilika. Nimechoka. Kampuni kubwa namna hii inashindwaje kutengeneza kalamu za kutosha? Au wanafanya makusudi ili tugombanie? Na mimi nifanyeje, maana nina kazi ya watu mkononi?"

Dada yangu, pole sana. Nianze na lisiloweza kusubiri: hiyo kalamu ya zamani usiinunue, hata akikupunguzia bei. Apple Pencil ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2018, haiungani kabisa na iPad Pro kuanzia ile ya chipu ya M4 iliyotoka Mei 2024. Kwenye tableti hizo kamera ya mbele ilihamishiwa ubavu mrefu, palepale kalamu inaponasa ili ichajiwe, na mpangilio wa ndani ukabadilika. Kwa hiyo si kwamba utapata kalamu yenye upungufu kidogo. Utapata kijiti cheupe. Aliyekuambia jina tu ndilo limebadilika ama hajui anachokiuza, ama anajua vizuri sana.

Kwa iPad yako kalamu za Apple ni mbili tu. Ipo hiyo Pro, ambayo Marekani inauzwa dola 129 kabla ya kodi, na ipo ile ya USB-C iliyotoka mwaka 2023 kwa dola 79. Hiyo ya pili nitairudia, maana huenda ndiyo itakayoiokoa kazi yako kwa sasa.

Tuje kwenye hasira yako. Umeuliza jambo moja, lakini ndani yake mna uhaba wa aina mbili, na watu wengi huuchanganya. Upo uhaba wa wiki za mwanzo, ambao humkuta hata mkazi wa San Francisco: bidhaa imetoka, wanaoitaka ni wengi kuliko zilizotengenezwa. Na upo uhaba wa kwetu, ambao chanzo chake ni kinyume kabisa: wanaoitaka ni wachache mno, kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuileta. Wa kwanza dawa yake ni subira. Wa pili ukiusubiri utazeeka nao. Wewe uko kwenye wa pili, na duka lako linakujibu kana kwamba uko kwenye wa kwanza.

Niueleze kwanza ule wa kule, kwa sababu umeuliza na kwa sababu una historia ya kuchekesha kidogo.

Kalamu ya kwanza kabisa ya Apple ilitangazwa Septemba 2015 pamoja na iPad Pro ya kwanza. Novemba 11 mwaka huo tableti ikaanza kuuzwa. Aliyeagiza kalamu siku hiyohiyo kwenye tovuti ya kampuni aliambiwa asubiri wiki nne hadi tano, na kibodi yake vivyo hivyo. Yaani tableti iliyonadiwa kwa wachoraji iliingia sokoni, wachoraji wakainunua, halafu wakakaa nayo kama trei. Walanguzi hawakukawia: kalamu chache zilizopatikana madukani zikaibukia kwenye mnada wa mtandaoni kwa bei ya juu kuliko ya dukani. Kijana wako wa Kariakoo ana ndugu zake kila mahali.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya masikio. Septemba 7, 2016 Apple ilizindua iPhone 7 isiyo na tundu la hedifoni, na siku hiyohiyo ikatangaza AirPods, hedifoni zake ndogo zisizo na waya, kwa dola 159, ikiahidi kuzitoa mwishoni mwa Oktoba. Oktoba ikaisha bila kitu. Zikaanza kuuzwa Desemba 13, na muda wa kusubiri ukapanda upesi hadi wiki sita. Hata mwaka 2017 ulipofika katikati, foleni ilikuwa bado haijaisha. Kisha kikaja kisa kibaya kuliko vyote: AirPower, kile kibao cha kuchajia simu, saa na kisanduku cha AirPods kwa pamoja bila waya. Kilitangazwa Septemba 2017, watu wakakisubiri mwaka mzima na nusu, na Machi 29, 2019 kampuni ikasema imekifuta. Hakikuwahi kuuzwa hata kimoja. Tangu hapo mimi bidhaa iliyotangazwa siihesabu kuwa ipo mpaka nimsikie mtu aliyeilipia na kuishika.

Usidhani ni Apple peke yake. Mwaka 2014 Nintendo ilitoa adapta ya kuunganishia padi za mashine yake ya zamani ya michezo, GameCube, kwenye mashine mpya ya Wii U, kwa ajili ya mchezo mmoja wa kupigana, na kile kidude chenye matundu manne kikawa adimu kiasi cha kulanguliwa. Novemba 2023 Sony ikatoa PlayStation Portal, skrini ya mkononi inayotegemea mashine ya michezo ya PS5 iliyoko nyumbani, nayo ikaisha madukani upesi. Na ukitaka kucheka, Oktoba 2021 Apple ilianza kuuza kitambaa cha kufutia kioo kwa dola 19, na kitambaa nacho kikawa na foleni ya wiki kadhaa. Kitambaa, dada.

Kwa nini inajirudia? Sababu ya kwanza ni hesabu ya ubashiri. Kampuni inaweza kukadiria tableti itakazouza, maana ina rekodi ya miaka mingi. Ila kati ya wanunuzi hao, wangapi watataka na kalamu? Ikiwa toleo ni jipya kabisa, hakuna anayejua. Na siku za mwanzo ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu wanaowahi kununua tableti mpya ndio haohao wapenzi wa vifaa wanaochukua kila kitu kilichoandikwa kwenye tangazo: kalamu, kibodi, kava. Mnunuzi wa mwezi wa sita huchukua tableti tupu akaenda zake. Ukipanga uzalishaji kwa kumfuata huyu wa mwezi wa sita, utaelemewa wiki ya kwanza.

Na kiwanda hupangwa kwa kumfuata huyo wa mwezi wa sita. Mashine za kuunganisha kitu kidogo namna hii, na hasa mashine za kukipima kama kiko sawa, ni za gharama na nyingi hutengenezwa kwa ajili ya bidhaa hiyo moja. Ukizinunua za kutosha kutuliza wiki ya kwanza, kuanzia mwezi wa nne nusu yake zitalala. Mhasibu hakubali. Anachokubali ni foleni ya wiki tano, kwa sababu foleni haimgharimu yeye, inakugharimu wewe.

Halafu kuna ugumu wa chombo chenyewe. Watu huona kalamu wakadhani ni kitu rahisi kuliko simu. Ndani ya bomba jembamba kuliko kidole mna betri, saketi, redio ya Bluetooth, kihisi cha uzito wa mkono kwenye ncha, na katika hii Pro mna pia kihisi cha kubana, kidude cha kutetema, na kifaa kinachojua kalamu imezungushwa kiasi gani. Simu ikikosewa kidogo mara nyingi kuna nafasi ya kurekebisha. Bomba lililogundishwa halifunguliwi. Likifeli kipimo linatupwa. Wiki za kwanza za uzalishaji zinazofeli ni nyingi, baadaye mafundi wa kiwandani wanaizoea kazi na idadi inatulia. Hili haliwezi kuharakishwa kwa kuongeza pesa tu.

Umeuliza kama ni makusudi. Kwa simu yenyewe sikatai kwamba foleni nje ya duka ni tangazo la bure, na hakuna kampuni inayoichukia. Kwa vifaa vya pembeni siioni mantiki. Kalamu, kava na chaja zina faida nono kuliko bei yake inavyoonyesha, na kila siku ambayo ya kwao haipo, mteja ananunua ya mtu mwingine na harudi tena. Kukosa kuuza kalamu ni hasara tupu.

Ila nisieleweke kwamba nawatetea. Wana kosa, tena la wazi: tarehe ya tableti wameifanya takatifu na tarehe ya kalamu wameiacha ijiendee. Wangeweza kungoja wiki nne wakatoa vyote pamoja, hawataki. Wangeweza kuiacha kalamu ya 2018 ifanye kazi, angalau bila kuchajiwa ubavuni, hawakufanya hivyo, na ghafla kila aliyeboresha tableti akalazimika kuingia kwenye foleni ya kalamu mpya na ya zamani ikabaki droo. Hapo ndipo hasira yako ielekee. Samsung, ambayo nayo ina madhambi yake, huweka kalamu yake, S Pen, ndani ya boksi la tableti za Galaxy Tab S. Hakuna mnunuzi wa tableti hizo anayezunguka mji kutafuta kalamu. Nalisema hili kwa wale wanaosoma na bado hawajanunua: kwa mchoraji anayeishi huku kwetu, kalamu iliyo ndani ya boksi ina thamani kuliko skrini nzuri zaidi isiyo na kalamu. Na ukiwa umeshaamua iPad, tafuta kalamu kwanza. Ukiishika mkononi, ndipo ukalipie tableti, ambayo ipo siku zote.

Sasa turudi kwetu.

Ile foleni ya kule imeshaisha zamani. Ukiingia duka la Apple Dubai au London leo, kalamu unayoitafuta ipo, inaning'inia ukutani. Kwa nini haipo Arusha?

Apple haina duka lake mwenyewe popote Afrika. Kilichopo ni maduka yaliyoidhinishwa kuuza bidhaa zake, na zaidi ya hayo ni wafanyabiashara wanaofuata mizigo wenyewe. Muangalie huyo anayefuata mwenyewe, mwenye fremu Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo au Luthuli kule Nairobi. Ana mtaji wa kiasi fulani, na swali lake kila safari ni moja: pesa hii nikiiweka kwenye kitu gani itarudi lini? Kava za Tecno, Infinix na itel zinaondoka kwa dazeni. Simu hizo tatu ni za kampuni moja, Transsion ya Shenzhen, na wanaozitumia wako kila kijiji. Ndiyo maana toleo jipya likitoka, kava na protekta zake zinafika karibu na simu yenyewe, nyingine zinatangulia. Hapo hakuna uhaba hata kidogo. Kalamu yako inamlazimu afunge laki nne kwenye kijisanduku kimoja, akisubiri mtu mwenye iPad Pro ya toleo fulani tu, ambaye pia anachora. Mwezi mzima huenda wakaja wawili. Kwa pesa hiyohiyo angeleta chaja na nyaya zikazunguka mara tatu. Angekuwa mjinga kuileta, na Aggrey hawadumu wajinga.

Jambo hili linaeleza karibu kila malalamiko ninayoyapokea. Mwenye simu ya Pixel analia kava. Mwenye saa ya Garmin analia mkanda. Mwenye laptopu ya toleo geni analia chaja ya pini ya ajabu. Wote wanafikiri bidhaa ni adimu duniani, kumbe ni wao walio adimu mtaani. Kifaa kinachotumia kiwango cha wote, kama chaja ya USB-C, hutakikosa hata Namanga, kwa kuwa mteja wake ni kila mtu. Kadiri kifaa kinavyofungwa kwenye toleo moja, ndivyo soko lake linavyopungua, na kwetu soko likipungua hivyo linakuwa halipo.

Ongeza na safari. Mzigo mwingi wa aina hii hutoka Guangdong, kusini mwa China, moja kwa moja au kwa kupitia Dubai. Mfanyabiashara ana njia mbili: meli, ambayo kontena lake huchukua mwezi na zaidi mpaka kutoka bandarini, au ndege, anayolipia kwa kilo. Kwa ndege kuna kikwazo ambacho wateja hawakijui, nacho ni betri. Tangu Aprili 1, 2016 kanuni za kimataifa zinakataza betri za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe kupakiwa kama mizigo kwenye ndege za abiria, na hata kwenye ndege za mizigo zinatakiwa ziwe na chaji isiyozidi asilimia 30. Pawabanki ziko kundi hilo, ndiyo sababu matoleo mapya ya pawabanki huchelewa kufika kwetu kuliko kava. Kalamu yako ina betri iliyo ndani ya kifaa, kwa hiyo haimo kwenye katazo hilo, lakini mawakala wengi wa mizigo ya kilo wakisikia neno betri wanakupandishia bei au wanakwambia leta kwa meli. Kisha kuna ukaguzi wa ubora ambao TBS, shirika la viwango la Tanzania, inautaka ufanyike kabla ya shehena kuondoka kule, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 18. Kwa shehena ya chaja elfu moja gharama hizo zinagawanyika mpaka hazionekani. Kwa kalamu tatu, zinauma.

Ndiyo maana duka lako linakwambia mzigo uko njiani. Nitasema ninavyoamini baada ya kukaa upande wa pili wa kaunta miaka mingi: mara nyingi sentensi hiyo maana yake ni "bado sijaagiza, ila nisingependa uende kwa jirani". Si lazima awe muongo wa kutisha. Anasubiri waulize watu wanne watano ndipo aone kuna haja. Njia ya kumjua ni kumuuliza vitu vinavyojibika: umeagiza lini, kwa wakala gani, kwa ndege au kwa meli, naomba nione ankara. Mwenye mzigo njiani kweli ana picha ya ankara kwenye simu yake na ataionyesha kwa fahari. Akianza kukuambia habari za foleni bandarini kwa ujumla, chukua pochi yako.

Na yule wa laki saba na nusu? Tupige hesabu pamoja. Dola 129 kwa shilingi 2,600 ni takribani laki tatu na elfu thelathini na tano. Weka VAT, unakaribia laki nne. Weka ushuru, nauli, hatari ya mtaji wake kulala, na faida ambayo mimi simnyimi mtu aliyejituma. Tufike laki tano, tuseme laki tano na nusu kwa kuwa ni moja tu mjini. Zinazobaki ni bei ya haraka yako. Ameisikia sauti yako kwenye simu, amejua una kazi ya watu. Kama mteja wako anakulipa fedha ambazo laki mbili za ziada ni kitu kidogo ndani yake, na akiahirisha unazikosa zote, basi lipa bila kujilaumu. Biashara ni biashara. Lakini kwa ulivyonieleza kazi yako, nadhani kuna njia nyingine.

Kwa wiki hizi tafuta ile ya USB-C. Tofauti na Pro, yenyewe inafanya kazi na karibu kila iPad yenye tundu la USB-C, zikiwemo za bei ya chini wanazonunua wanafunzi, kwa hiyo wenye maduka wanathubutu kuiweka. Upungufu wake mkubwa kwako ni kwamba haihisi uzito wa mkono: ukikandamiza au ukigusa kwa upole, mstari ni uleule. Inahisi mlalo, kwa hiyo kutia kivuli kwa ubavu wa ncha unaweza. Kwa vitabu vya watoto vyenye mistari minene iliyolingana na rangi bapa, unaweza kumaliza kitabu kizima na msomaji asijue. Kwa michoro ya wino inayonenepa na kuchongoka itakukera. Kama unatumia programu ya kuchorea ya Procreate, ingia kwenye mpangilio wa brashi, tafuta sehemu ya kuchongoa mwanzo na mwisho wa mstari. Inafanya kazi hata kwa kidole, na itakuficha kidogo. Kalamu za bei nafuu za kampuni nyingine zilizotengenezewa iPad nazo kwa kawaida hazihisi uzito, hata zile nzuri kama Logitech Crayon, kwa hiyo ukiona tangazo linaahidi kila kitu kwa elfu themanini, soma tena taratibu.

Huku ukifanya kazi na hiyo, shughulikia Pro kwa namna inayolingana na tatizo lenyewe. Tatizo ni kwamba uko peke yako machoni pa mfanyabiashara, basi usiende peke yako. Wachoraji wa kidijitali mnajuana. Makundi yenu ya WhatsApp nayajua, mna maneno mengi kuliko wanasiasa. Ulizeni nani mwingine anahitaji kalamu, ncha za akiba, au kibodi ya toleo hilohilo. Mkifika watano, nendeni kwa muuzaji mmoja mwenye fremu ya kudumu na oda iliyoandikwa: jina kamili la bidhaa, toleo la tableti, mpya ndani ya boksi lisilofunguliwa, bei, na tarehe ya mwisho ambayo baada yake pesa inarudi. Tangulizeni theluthi, si zaidi, na mdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa hicho mlichotanguliza. Mfanyabiashara aliyekuwa anaogopa kalamu moja ataziagiza tano bila wasiwasi, kwa kuwa ameshajua zinakwenda wapi. Nimeona jambo hili likifanyika kwa vifaa vya kamera, na mzigo ambao ulikuwa "njiani" tangu mfungo wa Ramadhani ukawa umefika kabla ya Iddi ya Kuchinja.

Njia nyingine ni ndugu anayerudi safari. Dubai ndiyo karibu zaidi, na Falme za Kiarabu mara nyingi huwamo kwenye kundi la kwanza la nchi zinazopokea matoleo mapya, kwa hiyo hata kwa bidhaa zijazo hapo ndipo pa kuangalia. VAT yao ni asilimia 5. Mwambie anunue duka la kampuni au duka kubwa linalojulikana, asishawishike na vichochoro vya Deira, na akuletee risiti yenye tarehe, maana dhamana ya mwaka mmoja inahesabiwa kutoka hapo.

Tahadhari ya mwisho ni feki, ambazo kwa bidhaa adimu hufika kabla ya halisi. Waigaji hawangoji foleni ya mtu. Usijiridhishe kwamba umeibandika ubavuni mwa iPad na picha ya kalamu ikajitokeza kwenye skrini, kwa kuwa feki nyingi siku hizi zinafanya hivyo vizuri tu. Nenda na tableti yako, na kabla hujatoa shilingi fungua programu unayochorea, chagua brashi inayobadilika kwa uzito, shika kalamu wima kabisa na uchore mstari mmoja mrefu ukianza kwa kugusa tu na kumalizia kwa kukandamiza. Mstari usiponenepa, mrudishie. Ukinenepa, bana kalamu kwa vidole: menyu ndogo itokee na usikie mtetemo mwepesi mkononi. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya jumla, kuhusu, utaona Apple Pencil na namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number). Ilinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi, halafu iingize kwenye ukurasa wa Apple wa kukagua dhamana. Muuzaji akianza kukuharakisha wakati unafanya hayo, mpe kalamu yake, panda boda urudi nyumbani.